Kumchagulia rangi mhusika wako mnyama: anza na giza na mwanga, rangi zenyewe zije baadaye

Watu wengi wakitaka kumtengeneza mhusika mnyama, yule anayesimama kwa miguu miwili, anavaa koti na kuongea kama mtu, wanaanza kwa kufungua gurudumu la rangi na kuokota zile wanazozipenda. Zambarau wanaipenda, wanaiweka. Kijani ya kuwaka wanaipenda, wanaiweka, afu bluu, afu waridi kwenye ncha za masikio, na mwisho wa siku unapata mhusika ambaye kila rangi yake ikiwa peke yake ni nzuri ila ukimtazama hujui macho yako yatulie wapi. Mi naona tatizo sio kupenda rangi nyingi. Tatizo ni mtu kuchagua rangi kabla hajajua mwili wa mhusika wake wapi patakuwa na giza na wapi patakuwa na mwanga. Hicho ndo kitu nataka ukishike kuliko vyote humu, kwa hiyo ndo tunaanza nacho.

Rangi yoyote kwenye simu au kompyuta ina mambo matatu. La kwanza ni rangi gani, nyekundu au njano au bluu, na programu nyingi zinaionyesha kwa namba kuanzia 0 hadi 360 kwa sababu zimepangwa kwenye duara. La pili ni imekolea kiasi gani, kuanzia iliyopauka kabisa hadi inayowaka. La tatu ni ina mwanga kiasi gani. Wanaoanza wanahangaika na la kwanza tu, lakini jicho la mtazamaji kitu cha kwanza linachosoma ni hilo la tatu. Mhusika wako akiwa mdogo kwenye skrini, au akiwa mbali, au akipita haraka kwenye katuni, anatambulika kwa pale giza linapokutana na mwanga. Mbega humkosei hata kwa mbali, na yule ni nyeusi na nyeupe tu, hana rangi nyingine ya kukuvutia.

Sasa fanya hivi. Chora mhusika wako kwa laini za kawaida, usiweke rangi yoyote, afu mpake kwa kijivu tatu tu: moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga. Jiulize mwili kwa ujumla uwe kijivu ipi, uso je, tumbo, mikono, mkia. Jaribu mpangilio wa kwanza, wa pili, hata wa sita, ni kazi ya dakika chache na haina gharama. Utaona mwenyewe kuna mpangilio unaoongea na kuna unaolala. Unaolala mara nyingi ni ule ambao sehemu zote zimegawana kijivu sawasawa, nusu kwa nusu. Acha moja itawale, nyingine isaidie, ya tatu iwe kidogo. Wabunifu wengi hutumia kipimo cha asilimia 60, 30 na 10 na kwa kuanzia kinasaidia sana, ila kwa mnyama mi napenda hiyo ya tatu iwe ndogo zaidi hata ya 10, kwa sababu macho peke yake yanatosha kubeba.

Kuna mtego hapa na unawakamata wengi. Ile namba ya mwanga inayoonyeshwa na programu haikuambii ukweli wote. Chukua njano iliyokolea mpaka mwisho na bluu iliyokolea mpaka mwisho, zote mbili programu itakwambia mwanga ni asilimia 100, lakini ukizigeuza kijivu kwa hesabu inayofuata jicho la binadamu, kwenye kipimo cha 0 hadi 255, njano inatoka kama 226 na bluu inatoka kama 29. Moja ni karibu nyeupe, nyingine karibu nyeusi! Kwa hiyo usiamini namba, angalia kwa kijivu. Na usitumie ile komandi ya kuondoa ukolezi kwa sababu kwenye programu kadhaa inazifanya hizo mbili zitoke kijivu ileile. Fungua leya mpya (tabaka la picha) juu ya zote, ijaze nyeusi, ibadilishe modi iwe ile ya Rangi (Color), picha nzima itageuka kijivu cha kweli. Iache hiyo leya hapohapo juu, uwe unaiwasha na kuizima kila unapobadilisha kitu. Programu ya kuchorea ya Krita inafanya hivyo na ni ya bure, Photoshop, Clip Studio Paint, Procreate na ibisPaint pia.

Ukishapata mpangilio wa kijivu unaokuridhisha ndo uende kwa mnyama mwenyewe.

Mnyama wa kweli anakufundisha nini

Hata kama unataka mbwa mwitu wa zambarau, anza kwa kuangalia mbwa mwitu wa kweli. Sisemi umnakili, nasema uelewe rangi zake zimekaa wapi na kwa nini, kwa sababu mtazamaji akikutana na mhusika wako anamtambua ni mnyama gani kwa alama chache sana, na ukizifuta hizo hata ukimpa masikio sahihi bado watu watakuuliza huyu ni nani. Mbweha mwekundu kwa mfano ana nyeupe kwenye ncha ya mkia na kooni, nyeusi nyuma ya masikio, nyeusi miguuni kama amevaa soksi. Mbadilishe huyo awe bluu kutoka kichwani hadi miguuni lakini ziache soksi za giza na ncha ya mkia ya mwanga, bado kila mtu atasema mbweha. Ndo maana nimesema giza na mwanga kwanza, alama za mnyama karibu zote ni alama za giza na mwanga.

Manyoya ya mamalia yanapata rangi karibu yote kutoka kwa melanini, kemikali za rangi za mwilini, za aina mbili, moja inatoa nyeusi na hudhurungi, nyingine inatoa wekundu na unjano. Ndo maana wanyama wenye manyoya unawaona wakizunguka palepale kwenye mchanga, chungwa, kahawia, kijivu, krimu na nyeusi. Kijani haimo. Yule slothi anayening'inia mitini akionekana kijani ni mwani umeota kwenye manyoya yake. Bluu ya usoni kwa nyani mandrili sio ya manyoya, ni ngozi, na hata hapo hakuna rangi ya bluu ndani yake, ni namna nyuzi za ngozi zinavyourudisha mwanga. Hii ina maana gani kwako? Ina maana ukitaka mhusika aonekane wa kuaminika kidogo huku ana rangi ya ajabu, iweke rangi ya ajabu pale ambapo sio manyoya: macho, ngozi ya ndani ya masikio, ulimi, pedi za nyayo, nguo. Manyoya yabaki kwenye familia ya udongo. Ukitaka ajabu mpaka kwenye manyoya ni sawa kabisa, ni mhusika wako, ila jua umeshatumia sehemu kubwa ya ajabu yako hapo na vingine inabidi vitulie.

Tumbo kuwa jeupe kuliko mgongo sio urembo tu. Mchoraji Mmarekani anaitwa Abbott Thayer alilieleza hilo mwaka 1896: jua linapiga kutoka juu, linaung'arisha mgongo na kuliacha tumbo kwenye kivuli, kwa hiyo mnyama mwenye mgongo wa giza na tumbo la mwanga anaonekana bapa, anapotea machoni pa adui. Kwa mchoraji wa wahusika maana yake ni kwamba mpangilio huo unasomeka kama mnyama anayejificha, mtulivu, wa kawaida. Sasa geuza. Nyegere juu ni mweupe wa kijivu, chini mweusi tii, kinyume kabisa, na yule hajifichi, anatangaza kwamba mimi usinisogelee. Kicheche na milia yake myeupe kwenye mgongo mweusi ni hivyohivyo, anakuonya kabla hajakutia harufu. Kwa hiyo ukiwa na mhusika mkorofi, mbishi, asiyeogopa mtu, badala ya kukimbilia nyekundu na nyeusi ambazo kila mtu anazikimbilia, jaribu kumpa mwanga juu na giza chini uone anavyobadilika. Mi naipenda hii kuliko vitabu vyote vya maana za rangi, kwa sababu zile maana zinabadilika kutoka jamii moja hadi nyingine, ila mgongo mweupe juu ya tumbo jeusi unamshtua mtu yeyote.

Kuna mengine madogo ya kibaiolojia ambayo ukiyafuata mhusika anakaa sawa bila watu kujua kwa nini. Mbwa wa kahawia ya chokoleti kwa asili hana pua nyeusi, jeni inayogeuza manyoya meusi kuwa kahawia inaigeuza na pua, kwa hiyo pua yake ni kahawia. Hiyo inakupa kanuni nzuri: pua, kingo za macho na pedi za nyayo zichukue rangi moja, na iwe ndugu wa rangi ya giza zaidi uliyonayo mwilini. Paka wa Siam ana giza kwenye masikio, uso, miguu na mkia kwa sababu kimeng'enya chake cha rangi kinafanya kazi pale penye ubaridi, na ncha za mwili ndo zina ubaridi, ndo maana vitoto vyake vinazaliwa karibu vyeupe, tumboni kwa mama ni joto kote. Kwa hiyo ukikwama hujui giza uliweke wapi, liweke kwenye ncha. Inakubali karibu kwa kila mnyama. Na paka mwenye mabaka ya chungwa na nyeusi pamoja karibu siku zote ni jike, kwa sababu jeni ya chungwa ipo kwenye kromosomu ya X, na jike ana X mbili, dume moja, hilo lijue kabla hujampa jina la kiume, ukitaka kumwacha dume ni sawa ila iwe umeamua.

Kuhusu madoa na milia. Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing mwaka 1952 alionyesha kwa hesabu jinsi kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti zinavyoweza kujipanga zenyewe zikatoa mchoro, na waliomfuata wakaona kwamba sehemu nyembamba kama mkia inapendelea mikanda hata kama mwili una madoa. Mwangalie duma, mwili wote madoa, ukifika mwisho wa mkia ni pete. Kwa hiyo mhusika wa madoa mpe pete mkiani bila wasiwasi, atakubalika. Mwenye milia mwilini ukimpa madoa mkiani jicho linagoma kidogo.

Rangi ngapi?

Kwa mwili, tatu. Nne ukiwa na sababu. Hapo sihesabu macho, pua na ulimi. Najua wengi watabisha, na kuna wahusika wenye rangi tisa wanaopendeza, ila waangalie kwa makini wale, utakuta nyingi kati ya hizo tisa ni ndugu wa karibu na kwenye kijivu zinajikusanya zinakuwa tatu tu. Kila rangi unayoongeza iulize kazi yake. Hii inaonyesha ni mnyama gani. Hii inautenga uso na shingo. Hii inaliita jicho. Ikikosa jibu, itoe, na usiionee huruma, unaweza kuipeleka kwenye nguo au kwa mhusika mwingine.

Alama nazo hivyohivyo. Mhusika huyu utamchora wewe mara nyingi, na pengine utawalipa watu wengine wakuchoree, na kila doa lenye umbo maalumu ni doa ambalo mtu atalisahau. Hasa alama za upande mmoja, kama jicho la kushoto kuwa na baka na la kulia hapana. Wachoraji wana tabia ya kuigeuza picha kushoto kulia wakati wa kazi ili waone makosa yao, sasa baka lako linahama upande na hakuna anayestuka mpaka picha imeshatoka. Ukitaka kitu cha upande mmoja kiwe kimoja tu na kikubwa, sikio zima, mkono mzima, kisisahaulike.

Nyeusi na nyeupe: usiende mpaka mwisho. Nyeusi kabisa, ile ambayo namba yake ya rangi kwenye programu ni #000000, haikuachii nafasi, laini haionekani, kivuli hakionekani, vidole vinamezwa. Ipandishe mwanga ufike kama asilimia 15 hadi 25 na uitie chembe ya rangi, zambarau kidogo au kahawia kidogo kulingana na zingine. Nyeupe vilevile, ishushe ifike 94 au 95 na uielekeze kwenye krimu au samawati, ili ile nyeupe ya kweli ubaki nayo kwa ajili ya mng'ao wa macho na meno. Na mwenye uso mweusi fikiria mdomo wake mapema! Mdomo ndo unabeba hisia zote, na laini nyeusi juu ya manyoya meusi haipo. Suluhisho ni mawili, ama umpe mwanga kuzunguka mdomo, ama laini za ndani ya uso zichorwe kwa rangi ya mwanga kuliko manyoya.

Macho yanastahili aya yao. Ni sehemu ndogo kuliko zote na ndo inayotazamwa kuliko zote, kwa hiyo rangi iliyokolea kuliko zote iende hapo. Ukiwa na manyoya ya chungwa, macho ya bluu ya kijani yanaruka mbele kwa sababu zinatazamana kwenye duara. Ukitaka mtu mpole zaidi chagua jirani badala ya mpinzani, chungwa na dhahabu, kijivu na samawati. Kitu ambacho mi nakiona kinaharibu wahusika wazuri sana ni ile rangi ya macho kurudiwa kila mahali, kucha, ncha za nywele, alama ya kifuani, mkufu, mpaka macho yenyewe hayana tena cha peke yao. Irudie sehemu moja tu, basi.

Mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho

Tuseme unataka fisi madoa, wa kike, mtu mzima, fundi saa, mwenye subira na maneno machache. Kwa kijivu umeamua mwili uwe wa kati unaoelekea mwanga, giza liwe usoni, miguuni na kwenye madoa, mwanga kidogo kooni.

Mwili: mchanga uliopauka, #C9B79C. Ukiangalia namba zake ni 36 kwenye duara, ukolezi 22, mwanga 79, yaani imepauka haswa, na ndo inavyotakiwa kwa rangi inayochukua sehemu kubwa. Rangi inayowaka ikifunika asilimia 60 ya mwili inachosha haraka. Giza: #3B2A2E, hudhurungi iliyoegemea zambarau, hiyo ni uso kuanzia pua hadi kuzunguka macho, mikono kuanzia kiwiko, na madoa makubwa. Koo na ndani ya masikio: krimu #EFE6D6. Ya nne ni kahawia #8A6A4F kwa manyoya ya shingoni na kwa aproni yake ya kazi, na nimeiruhusu kwa sababu ina kazi mbili. Halafu macho: kijani ya bahari #2FA39A, ukolezi 71, ndo iliyokolea kuliko zote, na imerudiwa mara moja tu kwenye kitambaa cha shingoni.

Sasa washa ile leya ya kijivu. Krimu inatoka kama 231, mchanga 185, kijani ya bahari 127, kahawia 112, giza 47. Umeona tatizo? Kijani na kahawia zimekaribiana mno, 127 na 112, kwa macho zinaonekana tofauti kabisa lakini kwenye kijivu ni kitu kimoja. Kitambaa cha shingoni kikigusana na manyoya ya kahawia ya shingoni kitayeyuka picha ikiwa ndogo. Njia zipo: kishushe kitambaa kikae juu ya koo la krimu, au iongeze kijani mwanga, au ipunguze kahawia mwanga mpaka ikaribie 90. Mi ningeshusha kitambaa kikae juu ya krimu, kwa sababu 127 juu ya 231 inasomeka hata kwa mtu aliye mbali, na sijagusa rangi yoyote. Macho yenyewe yamezungukwa na giza la uso, 127 ndani ya 47, yanawaka bila shida.

Huyu fisi anaonekana mpole? Anaonekana, na sio kwa sababu mchanga ni rangi ya upole, ni kwa sababu tofauti kubwa kuliko zote ya giza na mwanga iko usoni na mikononi, pale ambapo fundi saa anafanyia kazi, sehemu nyingine zote zinanong'ona.

Kuzipata hizo rangi bila kudanganywa na skrini

Kabla hujagusa chochote zima ile modi ya usiku ya simu inayofanya skrini iwe ya njano njano, na usiache mwanga wa skrini umeshushwa mpaka chini. Watu wanachagua krimu usiku afu asubuhi wanakuta ni kijivu ya bluu.

Mandhari ya nyuma weka kijivu ya kati, usichagulie rangi juu ya karatasi nyeupe. Mfaransa mmoja mkemia, Chevreul, alikuwa anasimamia rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins pale Paris, watu wakawa wanalalamika kwamba nyuzi nyeusi hazijakolea. Akachunguza, nyuzi hazikuwa na kosa, kilichokuwa kinazifanya zionekane dhaifu ni rangi zilizowekwa jirani yake. Mwaka 1839 akachapisha maelezo yake na mpaka leo wachoraji wanayatumia: rangi inaonekana ilivyo kwa sababu ya jirani yake. Kwa hiyo ukizipanga rangi zako kwenye visanduku vilivyotengana afu ukazipenda, bado hujaziona. Zigusanishe vile zitakavyogusana mwilini. Kijivu ya kawaida ikizungukwa na chungwa itaelekea bluu bila wewe kuweka bluu, na wakati mwingine ndo unapata rangi ya tatu ya bure.

Kuokota rangi kutoka kwenye picha ya mnyama wa kweli ni wazo zuri, ila usibofye kwa kidropa, kile kifaa cha kuokotea rangi, nukta moja ukaondoka nayo, nukta moja inaweza kuwa kivuli cha unyoya mmoja. Punguza picha iwe na pikseli chache sana, kumi kwa kumi hivi, rangi zitajichanganya zenyewe na utapata wastani. Afu ziongeze ukolezi kidogo, picha za porini mara nyingi zina vumbi na ukungu na rangi zake zinatoka zimechoka.

Kivuli usikipate kwa kuongeza nyeusi. Ukiongeza giza isogeze na rangi yenyewe kidogo kwenye duara kuelekea bluu au zambarau, ukiongeza mwanga isogeze kuelekea njano, utaona manyoya yanapata uhai. Kwa wanaotaka njia ya mkato, leya moja ya zambarau iliyopauka kwenye modi ya Kuzidisha (Multiply) juu ya rangi zote inatosha, na inazifunga rangi zako zote ziwe familia moja.

Baada ya hapo majaribio ni ya haraka. Punguza picha iwe pikseli 64 kwa 64, bado unajua ni nani? Mweke juu ya nyeupe, juu ya nyeusi, juu ya kijani ya majani. Mweke karibu na wahusika wako wengine. Kama una wawili wanaotofautiana kwa nyekundu na kijani tu, kumbuka kwamba kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini karibu 1 kati ya 12 ana tatizo la kutofautisha hizo mbili, kwa wanawake ni wachache sana, na hao watazamaji wako wanawaona wahusika wawili kama mmoja. Dawa ni ileile ya mwanzo, mmoja awe wa giza na mwingine wa mwanga.

Ukitegemea kumchapisha kwenye stika au kitabu, rangi za kuwaka kama kijani ya neoni hazitoki kwenye karatasi, wino wa kawaida wa uchapaji hauzifikii, zitatoka zimefifia. Na ukitegemea siku moja kushona vazi lake la mwili mzima, tafuta kwanza manyoya bandia yanayouzwa yana rangi zipi ndo uzifunge rangi zako, sio kinyume chake, kwa sababu kitambaa hakina namba unayoweza kuandika ikatoka vilevile.

Karatasi ya kumtambulisha mhusika iwe na picha ya mbele, ya nyuma, na uso kwa ukaribu, zikiwa na rangi bapa bila kivuli chochote, maana ukiweka kivuli mchoraji mwingine hajui abofye wapi. Pembeni weka visanduku vya rangi na namba zake zimeandikwa, na andika neno moja la kila sanduku: mwili, giza, koo, macho. Onyesha ulimi, pedi za nyayo na ndani ya masikio hata kama hazionekani kwenye mkao wa kawaida, hivyo ndo vitu vinavyoulizwa kila mara. Hifadhi kwa PNG, usitumie JPEG, ile inabana picha na kuzichakachua rangi kwenye kingo kiasi kwamba mtu akibofya kidropa mara mbili anapata namba mbili tofauti. Apu nyingi za kutumiana ujumbe nazo zinabana picha zikipita, kwa hiyo itume kama faili, na zile namba zitume kwa maandishi pia.